Majina Mawili Juu ya Ubao

Mwene-Ditu, 29 Agosti 1993

Kwa mama anayekaa sasa katika nyumba ya kona, Shituru, Likasi,

Hunijui, wala mimi sijui jina lako. Naitwa Georgette. Nimekaa miaka mingi katika nyumba hiyo, kabla hatujaambiwa turudi kwetu Kasai, mahali ambapo mimi sikuzaliwa na watu wananicheka ninavyosema lugha yao. Barua hii ameibeba Papa Alphonse wa treni. Ni mtu mpole, mpe maji ya kunywa.

Usiogope. Sidai nyumba. Nyumba za kampuni hazina mwenyewe. Sisi tulipewa, nanyi mmepewa. Nina maombi madogo tu.

Juu ya bafu kuna kifuniko cha mbao cha kuingilia darini. Usikipigilie misumari. Joto la Septemba na Oktoba mnalijua, bati linapika watu, na nyumba ile inapumua kupitia hapo. Dirisha la bafu, lile lisilo na kioo, liache lilivyo. Jioni mkiisha kula, acha ugali wa bukari kidogo na mboga kwenye sahani, uifunike, uiweke juu ya ukuta mfupi wa bafu. Ni mazoea ya nyumba yetu. Na mbwa, nakuomba, msifuge.

Sebuleni utakuta ubao ukutani. Niliupaka mwenyewe kwa unga mweusi wa betri zilizokufa, nikauchanganya na majani ya viazi yaliyotwangwa. Shule zilipofungwa nilifundishia watoto hapo. Kama una watoto, utumie. Haung'ai hata jua likiupiga.

Nijibu kwa mkono wa Papa Alphonse. Hata maneno machache yatatosha.

Georgette


Likasi, 13 Septemba 1993

Mama Georgette,

Salamu katika jina la Bwana. Papa Alphonse amekunywa maji, amekula na bukari, kisha akasinzia kwenye kiti mpaka mtoto wangu akamcheka.

Mimi ni Marcelline, mama wa Dan na Chérie. Mume wangu Nicolas anakwenda kiwandani kila asubuhi. Sisemi anafanya kazi, nasema anakwenda. Kazi na mshahara ni habari nyingine. Shule ya watoto imefungwa tena. Walimu wamechoka kufundisha na njaa, na mimi siwalaumu. Lakini nikasema, mimi niliyefika mwaka wa nne wa sekondari, sitalea watoto wa kurusha mawe kwenye miembe ya watu.

Basi ubao wako una kazi. Asubuhi, kabla bati halijaanza kutupika, natandika mkeka mbele yake. Tunaanza na appel kama shule ya kweli: naita jina, mtoto anasimama wima, anajibu "présent". Wako wawili tu na nawaona kwa macho, lakini naita. Bila appel wanadhani ni mchezo. Halafu sala, hesabu, kusoma. Joto likitushinda tunahamia nje chini ya jacaranda. Zimefungua maua sasa, yanaanguka juu ya vibao vyao, na Chérie anahesabu maua badala ya hesabu yangu.

Ubao nimeupaka upya, ila pale juu kwenye kona majina mawili yamekataa kufutika: Hadassa, Jessy. Ni watoto wako?

Kifuniko nimekiacha. Mbwa hatuna. Lakini chakula cha kuweka bafuni, mama, sisi ni watu wa maombi. Kuuliza si ujinga: chakula hicho ni cha nani? Siku ya kwanza nilikiweka kwa heshima ya mwenye nyumba wa zamani, nikijua panya watakula. Asubuhi nikakuta sahani tupu, na imefunikwa tena vizuri. Panya hawafuniki sahani.

Nimeendelea kuweka, lakini sipendi. Nieleze.

Marcelline, Mama Dan


Mwene-Ditu, 25 Septemba 1993

Mama Dan, rafiki yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa, halafu nikatoka nje nikaisoma tena juani. Mungu akubariki wewe na mkono wako.

Niambie zaidi. Sahani ilikuwa tupu kabisa, au iliachwa kidogo pembeni? Mboga ilikuwa gani? Weka sombe la majani ya muhogo au matembele. Bamia usiweke kamwe. Bamia haiguswi. Kama una shuka kuukuu usilolihitaji, lisahau bafuni, kwa sababu mvua ikianza huko juu kunavuja.

Ukisikia kitu darini, jifanye hukusikia. Usimulike tochi. Usiite jirani, na watoto wasipande. Acha iwe hivyo, haitawadhuru. Nakuapia kwa Mungu tunayemwomba sote wawili.

Ndiyo, majina hayo ni ya watoto wangu. Nimefurahi kusikia unaita appel. Mimi pia nilikuwa naita. Usiyafute majina.

Usichoke kuniandikia. Huku naishi kwa kusubiri treni.

Georgette


Likasi, 11 Oktoba 1993

Mama Georgette,

Sitaandika salamu ndefu.

Joto la mwezi huu limezidi. Mvua inatisha tu huko upande wa Koni halafu inarudi. Siku moja ya wiki iliyopita tulikuwa sebuleni, jua limeshapanda, nimewaita Dan na Chérie, wameshajibu. Nikachukua chaki nianze hesabu. Chérie akauliza, "Maman, na bale ba ku tableau, juu ya nini haubaite?"

Alikuwa akionyesha yale majina mawili ya ubaoni, nikaona ni mchezo wa mtoto. Nikaita, "Hadassa."

"Présente."

Sauti ilitoka juu. Nyembamba, ya haraka, kama ya mtoto anayejibu huku akitafuta kiatu. Chaki ikaniponyoka. Sijui kwa nini niliendelea, labda ni mazoea ya mwalimu, nikaita na jina la pili, "Jessy." Hapo hakujibu mtu.

Dan alikuwa ameshatoka mlangoni. Chérie alibaki amekaa na kibao chake magotini, hana habari. Nikamuuliza kama amesikia. Akanijibu, "Anajibuka kila siku, Maman. Ni weye haukusikiaka. Unaita Dan, unaita miye, kiisha yeye anajibu pole pole."

Ndipo nikakumbuka vile anavyopenda kucheka peke yake akitazama dari. Nilikuwa nadhani ni mjusi.

Usiku ule sikulala, nikazitoa barua zako. Chakula jioni. Kifuniko kisifungwe. Tochi isimulike. Bamia haiguswi. Nikazipeleka kwa Pasteur Constantin wa kikundi chetu cha maombi. Alisoma taratibu, akavua miwani, akaniambia, "Mama, kukataza chakula haiko adabu ya nyumba. Iyi ni agano. Muntu alifanya agano na kitu, akakiacha mule, na sasa anakilisha kwa mikono yako."

Tulifunga kula. Jumamosi akina mama wote wa kikundi walikuja, tukaimba na kukemea tangu asubuhi mpaka adhuhuri, jasho likitutiririka, watoto nimewapeleka kwa jirani. Mwishowe Nicolas akapanda kwenye ngazi akapigilia kifuniko misumari mirefu, na dirisha la bafu akaliziba kwa kipande cha bati. Alipigilia macho amefumba. Hakuna aliyetaka kuchungulia.

Tangu siku hiyo siweki sahani, na majina yale siyaiti.

Sina chuki na wewe. Siku mlipopita na magodoro yenu kichwani kuelekea stesheni, nilisimama barabarani nikalia. Mungu ni shahidi. Lakini kitu ulichokiacha juu ya vichwa vya watoto wangu ulinificha, ukaniita rafiki. Usiniandikie tena.

Marcelline


Mwene-Ditu, 20 Oktoba 1993

Mama Dan, toa misumari kwanza, halafu urudi kusoma.

Nakuomba. Weka barua hii mezani, mwite Nicolas, mtoe misumari.

Huko juu yuko mwanangu. Si pepo, si agano. Ni Hadassa, mtoto wangu wa kwanza, ana miaka kumi na mitatu.

Ulituona tukipita na magodoro. Hukuona kilichofuata. Tulikaa stesheni ya Likasi miezi na miezi chini ya mahema ya plastiki, tukisubiri treni ya kwenda Kasai. Baba yao alikuwa ameshakufa tangu zamani, nilikuwa peke yangu na wasichana wawili. Surua ikapita kwenye mahema. Jessy, mdogo wa Hadassa, alikuwa na miaka saba. Tulimzika hapo Likasi, nikarudi kukaa juu ya mizigo yangu, kwa sababu treni ingeweza kuja wakati wowote na isingenisubiri nilie.

Ilikuja wakati Hadassa amekwenda bombani na bidoni ya maji. Watu walisukumana, mimi nikabebwa na watu kama gunia, nikajikuta ndani. Niliambiwa msichana wangu yuko behewa la nyuma na waimbaji wa kwaya. Nikaamini. Treni iliposimama mjini Kamina nilipita behewa kwa behewa nikiita. Hakuwemo.

Mwaka jana, siku zile mbaya za mawe na moto, tulijificha darini sisi watatu. Niliwaambia wanangu, mkipotea, rudini hapa, watu hawatazami juu. Mtoto wangu anatii. Nilijua atarudi pale pale hata akikuta nyumba ina wenyewe wengine.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia. Ningekuambiaje? Sikukujua. Kwangu mimi ulikuwa mmoja wa watu wa huko waliotufukuza, na msichana wa Kikasai peke yake darini, mtu mmoja mwenye hasira anatosha kummaliza. Nikaona bora ale chakula chako bila wewe kujua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Basi huo uchungu ulinifanya niandike kama mchawi. Bamia anaichukia tangu alipokuwa mdogo, inamtapisha. Hiyo ndiyo dawa yangu yote.

Umesema alijibu appel. Nililia niliposoma. Hadassa asubuhi alikuwa mzito, naita jina lake yeye bado yuko uani ananawa uso. Jessy ndiye alikuwa anamjibia upesi, "présente", ili nisimkaripie dada yake. Halafu nikiita Jessy, anasahau kujibu jina lake mwenyewe. Tulikuwa tunacheka kila siku. Kama Hadassa amejibu, ni kwa kuwa amesikia jina lake likiitwa vizuri, baada ya muda mrefu, akajisahau.

Mama Dan, kama umechelewa kutoa misumari, usinifiche. Lakini usichelewe.

Mama Hadassa


Likasi, 3 Novemba 1993

Mama Hadassa,

Hayumo. Naandika hili kwanza upate kupumua: tumefungua, hayumo, hakuna maiti, hakuna damu.

Papa Alphonse alinipa barua wiki iliyopita mlangoni. Nilifanya ulivyosema, nikasoma mstari mmoja nikaiweka. Nicolas alikuwa amelala, akadhani nyumba inaungua. Alipanda mwenyewe, safari hii macho wazi. Alikuta mkeka, kitambaa chenye maua ya njano, na kikombe cha bati cha Chérie ambacho nilimchapa Dan kwa kukipoteza. Vumbi limekaa juu ya mkeka. Alikuwa ametoka siku ile tulipopigilia misumari. Basi nilimfungia nje mtoto wako, sikumfungia ndani. Nimempigia Mungu magoti kwa shukrani na kwa aibu, na aibu ilikuwa kubwa zaidi.

Nilimsomea Pasteur Constantin barua yako. Aliiacha chai yake mezani. Halafu akachukua baiskeli, na tangu hapo kila siku anazunguka stesheni na mitaa ya Kikula akiuliza. Mtu wa namna yake siwezi kumchukia. Mimi mwenyewe najichukia kidogo, lakini kazi ya kutafuta haiachi nafasi.

Sasa kuna jambo nisilolielewa, nawe ni mama yake, labda utanifunulia. Nimerudia kuita. Kila asubuhi naanza na jina la Hadassa, milango yote wazi. Na kila asubuhi anajibu.

Dari tumeifungua, kila mtu anaona hamna mtu. Lakini jana alijibu kutoka jikoni. Leo sauti ilitoka nyuma ya mlango wa sebule, karibu sana, ningenyoosha mkono ningemshika. Nikazunguka mlango, hapana mtu. Nikatoka uani mbio. Mvua ya kwanza imeshanyesha, ardhi ni matope laini, hakuna unyayo hata mmoja. Dan sasa hakimbii tena. Anasikiliza tu, macho yamemtoka.

Sahani naiweka kila jioni, sombe, bila bamia. Asubuhi naikuta vilevile, imejaa sisimizi. Zamani alikula na hakuonekana. Sasa anajibu lakini hali chakula. Nadhani ananiogopa, na ana haki.

Lakini kwa sababu anajibu najua yupo, na kwa sababu najua yupo sitaacha kuita. Bila sauti hiyo, nakuambia kweli, ningekuwa nimeshakata tamaa, ningekuandikia maneno ya pole. Kesho naitoa shule nje ya nyumba. Nitaipeleka Kikula sokoni, kwa wauza makala, kwenye magunia ya mkaa, wanakopita wasichana wanaobeba maji. Nitatandika mkeka na kuita appel mbele za watu. Wacha wanicheke.

Marcelline


Likasi, 16 Novemba 1993

Maman,

Ni mimi Hadassa. Ninaandika mezani kwetu. Nimepona, usilie kwanza.

Siku ya treni nilirudi kutoka bombani na bidoni imejaa, nikakuta watu hawapo, mifuko tu na viatu. Nikaenda nyumbani kama ulivyotufundisha. Watu walikuwa wamehamia. Nikaingia kwa dirisha la bafu. Alfajiri nilikuwa natoka kabla hawajaamka, naenda Kikula kumbebea maji Maman Clémentine anayeuza makala, na giza likiingia narudi. Sahani ya bafuni nilidhani ni ya mtoto aliyesahau. Kila siku aliisahau, nikasema watoto wa hapa wana bahati.

Jumamosi moja nilirudi nikakuta bati dirishani. Nililisukuma kwa bega halikusogea. Nikadhani nyumba imenikataa. Nikarudi Kikula gizani, na tangu siku hiyo nilikuwa na homa, nimelala jikoni kwa Maman Clémentine. Sikutoka nje. Baba mmoja wa baiskeli alipita akiuliza mtoto wa Kikasai, Maman Clémentine akamwambia hamjui, kwa sababu aliogopa kama wewe.

Halafu nikasikia appel. Katikati ya soko, Maman. Mama mmoja amesimama na chaki mkononi, watoto wawili wamesimama wima mbele yake na vibao, na wauza makala wanawacheka. Akaita Dan. Akaita Chérie. Akaita jina langu kama ulivyokuwa unaliita, mwisho unapanda juu. Nilitoka nimeshika ukuta. Nikajibu, lakini sauti ilikuwa imekauka kwa homa.

Maman Marcelline alikaa chini kwenye vumbi la makala na nguo yake ya kanisani. Alilia, akaniomba msamaha, akaniomba tena. Maman Clémentine naye akalia. Chérie hakulia. Aliniangalia sana, akasema, "Maman, iyi sauti haiko ile."

Papa Nicolas ameongea na Papa Alphonse. Treni ya mwisho wa mwezi nitapanda pamoja naye, nitakaa karibu naye mpaka Mwene-Ditu, hataniacha niende peke yangu hata bombani. Nitakuja.

Sasa nikuambie jambo lingine. Hapa wanasema nilikuwa najibu appel kutoka darini. Maman, mchana sikuwa darini hata siku moja. Na ile wiki waliyosikia sauti jikoni na nyuma ya mlango, mimi nilikuwa Kikula, siwezi hata kukaa. Maman Marcelline anadhani ni homa imenisahaulisha, nami sikubishana naye. Ameniponya na nampenda.

Leo asubuhi nilichelewa. Nilikuwa bado uani nanawa uso, mlango uko wazi, Dan na Chérie nawaona wamekaa kwenye mkeka, midomo imefungwa. Maman Marcelline hakujua kama niko nje, akaita jina langu. Na mtu ndani ya nyumba akajibu upesi upesi, kabla sijakaripiwa.

Sikuogopa. Wewe pia usingeogopa. Niliingia na maji yakinichuruzika usoni, nikamwomba Maman Marcelline aite na jina la pili la ubaoni. Akaita, "Jessy." Tukangoja. Kimya, kama siku zote, anasahau lake.

Basi nikasimama wima, mikono imenyooka kama ulivyotufundisha, nikamjibia.

Hadassa